Kabla Hatujamwita Mchawi: Mimea na Ugonjwa wa Kusahau

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Malindi mbele ya familia zinazouguza wazee. Wengi hawakuweza kufika, na baadhi yao ni kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa. Nayaweka yote kama nilivyoyasema, isipokuwa zile picha za ukutani.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu mliotoka Shela, Barani, Muyeye na Ganda, na nyinyi mliotoka mbali hadi Marafa, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmeomba ruhusa ya saa mbili tu kwa jirani aliyekubali kukaa na mzee, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni mfamasia. Kuna swali ambalo watu huniuliza dukani kila mara, na huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya wateja wengine kuondoka. "Mama hanijui tena. Hakuna mti wowote?" Wengine hawana mgonjwa bado, ila wamemwona babu akipotea, wamemwona shangazi akipotea, sasa wanajiogopea wenyewe. Wanataka jani, mzizi, mbegu, mafuta, chochote cha kuwakinga kabla zamu yao haijafika.

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mtu asingoje hadi mwisho. Kati ya dawa chache zinazotolewa hospitalini kwa ugonjwa huu, mbili asili yake ni mimea. Na mpaka leo hakuna mmea, hakuna unga, hakuna mafuta wala kidonge cha majani kilichothibitishwa kwamba kinauzuia ugonjwa usije. Yote mawili ni kweli. Anayekwambia la kwanza na kukuficha la pili, ana kitu anataka kukuuzia.

Kwanza tujue tunasema kuhusu ugonjwa gani. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke mmoja wa miaka 51 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Jina lake Auguste. Alianza kwa kumwonea mumewe wivu usio na msingi. Kisha akawa anahamisha vitu nyumbani na kuvificha. Akawa anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakati mwingine aliamini kuna watu wanaotaka kumwua, akapiga mayowe. Daktari aliyemchunguza aliitwa Alois Alzheimer. Akamwuliza: jina lako nani? Akajibu: Auguste. Na mumeo anaitwa nani? Akajibu: Auguste.

Mama huyo alifariki mwaka 1906. Daktari akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa, una mabonge ya protini nje ya chembe za ubongo na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Mwaka huo huo akawaeleza madaktari wenzake alichokiona, na ndiyo maana ugonjwa una jina lake. Leo Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Huu wa Alzheimer ndio mkubwa kuliko yote. Unaofuata ni ule unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na huo nitaurudia, maana ndio tunaoweza kuupiga vita hapa hapa Malindi.

Sasa nawauliza, wazee wangu. Mama yule Auguste angekuwa hapa kwetu, kijijini. Anaamka usiku na kutembea. Anaficha sufuria na pesa. Anawashuku wanawe. Anapiga mayowe kwamba anauawa. Anaingia boma la jirani alfajiri kwa kuwa hajui mlango wake ni upi. Tungemwitaje?

Mnajua tungemwitaje. Kaunti yetu hii ya Kilifi imewazika wazee waliouawa kwa jina hilo, na mara nyingi mkono uliowaua ulitoka ndani ya ukoo, nyuma yake kukiwa na shamba. Wengine walikimbia makwao wakapewa hifadhi kule Kaya Godoma, Ganze. Sisemi kila aliyesingiziwa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Wengine walikuwa wazima kabisa, wenye akili timamu na ekari kadhaa za ardhi. Lakini mzee anayesahau ndiye rahisi kuliko wote kusingiziwa, kwa sababu hawezi kujitetea. Hakumbuki jana alikuwa wapi.

Na hapo ndipo mimea inapoingia, kwa njia ambayo ilinishtua nilipoisoma mara ya kwanza chuoni.

Kusini-mashariki mwa Nigeria kuna mji wa Calabar. Katika misitu ya kando ya mito ya huko huota mmea unaotambaa juu ya miti, wenye mbegu kubwa ya rangi ya kahawia iliyokoza, mfano wa haragwe. Waefiki, wenyeji wa Calabar, waliiita mbegu hiyo esere. Kazi yake kubwa ilikuwa kiapo. Mtu akishukiwa uchawi alipewa mbegu zilizosagwa na kutiwa maji, akanywa mbele ya watu. Akitapika akapona, hana hatia. Akianguka akafa, watu wakasema: mnaona? Alikuwa mchawi.

Wamisionari kutoka Scotland wakapeleka mbegu hizo Edinburgh. Mwaka 1855 profesa mmoja wa huko, Robert Christison, akaila mwenyewe ili aone itamfanya nini. Kichwa kikamzunguka, mwili ukamlegea, moyo ukaenda ovyo. Akanywa upesi maji ya sabuni aliyonyolea ndevu ili atapike, na hilo likamwokoa. Mwaka 1864 wanakemia wawili wa Ujerumani, Jobst na Hesse, wakafaulu kuitenga ile sumu peke yake. Ikaitwa fizostigmini. Madaktari wakaanza kuitumia kidogo kidogo kwa macho, na mwaka 1934, London, daktari Mary Walker akaitumia kwa mgonjwa ambaye misuli yake ilikuwa imeishiwa nguvu kwa maradhi.

Inafanyaje kazi? Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo inaitwa asetilikolini, na ndiyo inayohusika sana na kukumbuka na kuwa makini. Ikishafikisha habari, kimeng'enya fulani huivunja, ili nafasi ibaki wazi kwa habari nyingine. Mwenye Alzheimer, chembe zinazoitengeneza asetilikolini zinakufa. Ni kama mtungi unaovuja huku anayeutia maji akizidi kuchoka. Zile dawa mbili za hospitalini haziongezi maji. Zinaziba ufa, maji machache yaliyomo yakae muda zaidi. Na anayetia maji akichoka kabisa, hata ufa ukiwa umezibwa, mtungi utakauka. Ndiyo maana dawa hizi humsaidia mgonjwa kwa kipindi fulani, wala hazimponyi.

Sumu ya Calabar iliziba ufa huo mwili mzima kwa mkupuo mmoja. Mapigo ya moyo yakapungua, kifua kikajaa maji, pumzi ikakatika. Hicho ndicho kilichowaua washukiwa. Ila miaka ya 1980 mwanasayansi Marta Weinstock na wenzake walilichukua umbo la kemikali ile, wakalibadilisha maabara, wakapata kitu kinachofanya kazi taratibu zaidi. Kinaitwa rivastigmini. Marekani iliiruhusu mwaka 2000 kwa wagonjwa wa Alzheimer. Siku hizi kuna ya kubandika kwenye ngozi, na mgonjwa anayeanza hupewa ile inayotoa miligramu 4.6 kwa saa 24. Miligramu 4.6, ndugu zangu, kwa siku nzima mchana na usiku.

Hebu litazameni jambo hili vizuri. Haragwe lililotumiwa kumwua mzee aliyeitwa mchawi, leo mtoto wake wa maabara anabandikwa mgongoni mwa mzee anayesahau, ili amkumbuke mwanawe miezi michache zaidi. Haragwe halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu waliacha kuuliza "nani mchawi" wakauliza "ndani ya mbegu hii mna nini, na kiasi gani?"

Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha hotuba yangu yote. Mna nini, na kiasi gani? Mtu akikwambia dawa yake haina madhara kwa kuwa ni ya asili, mkumbushe Calabar. Haragwe lile lilikuwa la asili.

Dawa ya pili ni galantamini, na hadithi yake ni fupi zaidi. Ulaya ya mashariki kuna ua dogo jeupe linalochomoza kabla theluji haijaisha. Miaka ya 1950 wanasayansi wa Urusi, na baadaye Dimitar Paskov wa Bulgaria, walitoa kwenye jamii ya maua hayo kitu kinachozuia kimeng'enya kile kile. Kwanza kilitumiwa kwa waliopooza kwa polio. Mwaka 2001 Marekani ikakiruhusu kwa Alzheimer. Kimo pia ndani ya maua ya narsisi, na kule Wales kuna wakulima wanaoyalima kwa ajili hiyo. Dawa hii na ile ya kwanza zote huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha kwa baadhi ya watu, na hupunguza mapigo ya moyo. Ni dawa za kuandikiwa na daktari aliyempima mgonjwa. Usiniombe nikuuzie kwa kuwa jirani yako anazitumia.

Hizo ni dawa za aliyekwisha kuugua. Swali mlilokuja nalo ni la kinga. Basi tuje kwenye kinga.

Mmea uliopigiwa debe kuliko yote duniani ni ginkgo, mti wa kale wa China. Majani yake hukaushwa, yakachujwa, yakatiwa kwenye vidonge, na chupa zake hupatikana hata hapa mjini. Marekani walisema: tusibishane, tupime. Wakatafuta watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi. Nusu wakapewa ginkgo, miligramu 120 asubuhi na jioni. Nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani. Hakuna aliyejua anameza kipi, wala mgonjwa wala daktari. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliomeza kidonge kitupu, 246 walipatwa na ugonjwa. Waliomeza ginkgo, 277. Haikuzuia chochote. Wafaransa nao wakajaribu kwa watu zaidi ya 2,800, wakatoa matokeo mwaka 2012. Jibu lilikuwa lile lile.

Kwa nini nawachosha na hesabu hizi? Kwa sababu mtu atakuja kwako na ushahidi wake. "Shangazi alimeza haya, hajasahau kitu." Sawa, na shangazi yangu hakuyameza, naye hajasahau kitu! Bila ya kundi la pili la kulinganisha, hujui ni dawa au ni bahati. Mwenye ugonjwa huu ana siku nzuri na siku mbaya. Ukimpa kitu siku mbaya, kesho yake akaamka vizuri, utaapa kwamba ni kile kitu. Si uongo. Ndivyo moyo wa mtu anayempenda mgonjwa ulivyo.

Kijana mmoja alikuja dukani na mfuko wa dawa za mama yake, amechoka, macho yanaonyesha hajalala. Alikuwa amelipa pesa nyingi kwa chupa za ginkgo zilizotoka ng'ambo. Alitaka kujua kwa nini mikono ya mama ina mabaka ya damu chini ya ngozi. Nikautazama mfuko. Mama alikuwa anameza aspirini kila siku, na ginkgo inaweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu kwa anayemeza dawa za aina hiyo. Halafu nikauliza: dawa yake ya presha iko wapi? Akasema ameisimamisha miezi kadhaa, ili pesa zitoshe za ginkgo. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Amemnyima mama kitu kinachoulinda ubongo, akampa kisichoulinda, na gharama imekuwa kubwa zaidi. Nani aliyemweleza vingine? Hakuna.

Kakao nayo ilijaribiwa kwa namna hiyo hiyo, watu 2,262, miaka mitatu, matokeo yakatoka 2022. Haikusaidia kumbukumbu. Zafarani imejaribiwa Iran kwa wagonjwa wachache ikaonyesha dalili njema, lakini wachache ni wachache. Na habasoda? Ndugu zangu Waislamu, hadithi ya Mtume kuhusu habasoda mnaijua. Simwambii mtu aiache. Nasema tu kwamba kwa upande wa kumbukumbu, majaribio yaliyofanywa kwa binadamu ni madogo na ya majuma machache, na huwezi kujua kwa majuma machache kama kitu kinazuia ugonjwa unaochukua miaka mingi kujijenga. Itumie kama ulivyozoea, na dawa ya hospitali iendelee pale pale.

Manjano nataka kuyasemea zaidi, maana yako kwenye kila jiko hapa. Ile rangi yake ina kitu kinachoitwa kurkumini. Kwenye vyombo vya maabara kinafanya maajabu. Shida ni kwamba kikimezwa, utumbo unakichukua kidogo mno, na kinachopita kinavunjwa haraka na ini. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha faida, na mengine hayakuonyesha kitu. Mchuzi wako uendelee kuwa wa manjano, ni mtamu. Lakini yule anayekula unga huo vijiko vizima kwa siku kama dawa ya ubongo, namwomba atahadhari. Bangladesh, watafiti waligundua mwaka 2019 kwamba baadhi ya watayarishaji walikuwa wakiing'arisha mizizi kwa rangi yenye madini ya risasi, ili iwake njano zaidi. Risasi ni sumu ya ubongo. Mtu anatafuta kumbukumbu, anakula kinachoiharibu.

Basi hakuna cha kufanya? Kipo! Na hapa naomba mnisikilize kuliko kote.

Jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Presha. Sukari. Mafuta mabaya ya damu. Sigara. Pombe kupita kiasi. Kutosikia vizuri, kutoona vizuri. Kuumia kichwa, na hapo nawaona vijana wa bodaboda wasiovaa helmeti. Upweke. Kukosa shule utotoni. Yako mengine. Sitayapitia yote. Nachukua presha.

Huko China, vijijini, walichukua watu karibu 34,000 wenye presha iliyopanda, katika vijiji 326. Nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa pale pale kijijini, ambao si madaktari wakubwa, walipewa kazi ya kuishusha presha kwa dawa za bei nafuu na kuwafuatilia watu nyumbani. Nusu nyingine waliendelea kama kawaida. Baada ya miaka minne, vijiji vilivyofuatiliwa vilikuwa na ugonjwa wa kusahau pungufu kwa asilimia 15. Matokeo hayo yamechapishwa mwaka 2025.

Mnaelewa maana yake? Kitu ambacho ginkgo ilishindwa, kidonge cha presha na mhudumu wa kijijini wamekiweza. Na sisi wahudumu wa afya ya jamii tunao. Tangu 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Anapobisha hodi kwako, usimwambie uko sawa. Mpe mkono apime. Mpe na mkono wa mama, na wa babu anayekataa.

Jambo jingine: si kila anayesahau ana Alzheimer. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa upungufu wa vitamini B12, kwa tezi ya shingo isiyofanya kazi, kwa maambukizi ya mkojo, kwa huzuni baada ya kufiwa, kwa damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hata kwa dawa za usingizi alizopewa. Haya yanatibika. Mzee wa namna hiyo ukimpeleka kwa mganga miezi sita, umempotezea miezi sita.

Nawashukuru waganga mliokuja leo. Sikuja kuwatukana. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, na mimea iliyomo mnaijua nyinyi kuliko mimi. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo cha dawa za asili. Ikiwa kuna mti mnaoamini unasaidia kumbukumbu, nendeni nao huko kwa mkataba wenye majina yenu na ya kaya yenu, upimwe: mna nini, na kiasi gani. Ila nawaomba kitu kimoja kwa moyo wangu wote. Mkiletewa mzee anayesahau, au mkiulizwa nani amemroga mtoto, msitaje jina la mzee yeyote. Mwambieni mwenye mgonjwa aende hospitali. Neno lenu moja linaweza kumwua mtu, na neno lenu moja linaweza kumwokoa.

Wale mnaouguza, kuna meza mbili pale mlangoni. Ya kulia wanapima presha na sukari, bure. Ya kushoto nitakaa mimi. Niletee mfuko wote wa mzee wako, ya hospitali, ya duka na ya miti, hata ile unayoona haya kuionyesha, tuipitie moja moja tujue ipi inagongana na ipi. Nitakuandikia karatasi ya kumpa daktari.

Na wewe ambaye majirani wameanza kumnong'ona mzee wako, usipange foleni. Njoo mbele sasa hivi. Chifu amekaa hapa, na wazee wa mtaa wako hapa.